Safu Niliyoiacha Wazi

Dada yangu mpendwa,

Hapana, si mapacha. Uliposema kwenye simu kwamba kutapika kwa namna hii lazima wawe wawili, nilimfikishia daktari swali lako neno kwa neno. Akapima, akacheka, akasema yumo mmoja tu, naye anatamba humo ndani kama mwenye nyumba. Basi nikusalimu sasa, maana nimeanza vibaya. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ingawa neno hilo leo nalitumia kwa kulivuta.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja na mke wangu anasikia kila kitu. Mke wangu! Miezi mitano sasa, na bado nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu kama kichaa. Sasa hivi yumo usingizini kwenye kiti cha chumba cha dripu, kichwa chake kiko begani kwangu, nami naandikia juu ya goti. Usiucheke mwandiko.

Dada, hiki si kile kichefuchefu cha asubuhi ulichokuwa ukinisimulia. Huyu hata maji yanamrudi. Siku mbaya hutapika mara kumi na tano, mpaka inabaki nyongo tu. Harufu ndiyo adui. Nimeacha sabuni ya manukato, nimeacha mafuta ya nywele, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba bado nanuka mtu. Nikamwuliza nifanyeje. Akasema nijaribu kunuka kama ukuta. Anaumwa hivyo na bado ananichekesha! Ningempata wapi mwingine? Lakini mimi ni fundi feni. Watu huniletea kitu kimekufa, nakifungua, naona palipoharibika, kesho kinazunguka. Kwake sina pa kufungua. Nashika beseni tu.

Hawakumlaza. Walisema atibiwe akitokea nyumbani: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tuje, apimwe uzito na mkojo, atundikiwe dripu mbili na kuchomwa sindano ya kuzuia kutapika, mchana turudi. Muuguzi wa hapa ni mama mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye huniita Bwana Harusi mbele za watu. Alinipa karatasi ya kujaza nyumbani: safu ya kwanza alichokunywa, ya pili kilichorudi, ya tatu rangi ya mkojo. Akanionya kwamba siku ambazo wao hawamwoni, macho yao ni mimi.

Baada ya wiki mbili daktari aliisoma karatasi ile, akampongeza mgonjwa, akasema sasa aje Jumatatu tu, vidonge vitatosha. Mke wangu alicheka njia nzima. Alhamisi iliyofuata, yaani jana, nilimkuta chini, mlangoni mwa bafu, midomo imepasuka, hajui ni siku gani. Nilipomkimbiza hapa, walikuta amepungua zaidi ya kilo mbili. Tulisikilizishwa moyo wa mtoto, bado unapiga, unakwenda mbio. Walimtundikia dripu nne, wakasema leo wataamua la kufanya. Mama mkwe aliwapigia simu wauguzi, akawauliza kama walisomea kutibu watu au mbuzi. Mke wangu yeye analia kwamba mwili wake umetuangusha.

Dada, si wauguzi, wala si mwili wake. Ni mimi. Jioni ya kwanza niliandika yote, kilichoingia na kilichotoka. Akaiomba karatasi, akaisoma, akaniuliza kama huyo ni yeye kweli, kisha akageukia ukutani. Sikuweza kuvumilia kuuona tena mgongo ule. Tangu siku hiyo safu ya pili niliiacha wazi. Kila asubuhi nilimsomea vikombe alivyokunywa, akafurahi, nami nikafurahi kwa kuwa amefurahi, mpaka nikaanza kuamini mwenyewe. Daktari alipomwuliza hali alijibu afadhali, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwambia. Na alipokuwa nyuma ya pazia anapimwa uzito, daktari aliniuliza mimi kama pale patupu maana yake hakuna kilichorudi. Nikaitikia ndiyo.

Leo asubuhi nimemwambia muuguzi. Hakunitukana, heri angenitukana. Alivua miwani, akaniuliza siku moja moja ilivyokuwa kweli, akaandika mwenyewe, akampelekea daktari. Siku zetu tatu zimerudishwa. Kisha akasema kwamba la kumwambia mke wangu ni langu, yeye hatanisemea. Akiamka nitamwambia hapahapa, kabla dripu haijaisha, kwa sababu tukishafika nyumbani nitajipatia sababu ya kungoja. Naangalia matone yanavyodondoka na naomba yasiharakishe. Nampenda mno, dada, na ni penzi hilohilo lililomwangusha.

Nisalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mama mkwe usimwambie lolote, ingawa nyumba zenu zinatazamana na najua ulimi utakuwasha. Kabla ya mwezi huu kwisha nitakuja mwenyewe kumchukua aje amtunze mwanawe, na nitayasema haya mbele yake. Naomba uwe umekaa karibu yangu. Siku hiyo jirani yetu wa huku atashinda na mgonjwa. Nitakuja, awe amenisamehe au bado.

Mdogo wako akupendaye,
Kijiti