Mulango Uliobaki Kwenye Kiwanja cha Baba

Mama Musafiri,
Mikelenge, karibu na musikiti,
Kindu, Maniema, Zaïre.
Tarehe 3 Desemba 1978.

Kwa mudogo wangu mupendwa Hawa binti Masudi, Ujiji.

Assalam alaikum, Hawa wangu. Kabla ya yote nipe habari ya mwili wako. Yale magoti yamekuachilia, au bado yanalia kila ukiinuka kuswali? Na Halima wako, ameshajifungua? Kama ni wa kike mupeni jina la mama yetu, maana mimi nilizaa wanaume tu na jina linapotea. Abedi anasoma, au anashinda ziwani? Shemeji, Mungu amulaze pema. Hata leo nikiona ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni machozi yananitoka, nakumbuka alivyokuwa anatutumia gunia zima na kusema ni kidogo.

Sisi huku afya iko, kidogo. Mimi kifua kinanibana, lakini nasimama. Ukinikuta njiani hutajua kama nina shida, maana navaa kile kitenge alichonitumia Musafiri, na Mikelenge yote hakuna mwenye mufano wake. Mke wa mukubwa mumoja wa gari la moshi alikishika pindo akauliza kimetoka wapi. Nikamwambia: kimetoka kwa tumbo langu.

Mutoto wako Musafiri yuko Lubumbashi, na sasa njo injenieri wa barabara na madaraja, kwa karatasi yenye muhuri, si kwa maneno ya watu. Anavaa abakosti, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka pindo linakata. Kifaransa chake, Wazungu wenyewe wanamuomba arudie polepole. Jambo hilo Mungu amenipa, na sitaacha kulisema hata leo ambapo moyo wangu umejaa tope.

Sasa, Hawa, kaa chini kwanza. Kama ni Abedi anakusomea, mwambie asikimbie.

Ulituandikia kwamba ndugu za marehemu wamekutoa kwa nyumba yao, na kwamba Maulidi hii utaisomea kwetu, ulale chumbani kwako, chini ya paa la baba. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Nikakujibu: njoo, nyumba ninaitengeneza, utaikuta mupya.

Hawa, nyumba haiko.

Haikuungua. Hakuna vita, na serikali haikuichukua. Ni mabati.

Barua yako ilifika kiangazi, Musafiri akiwa hapa kwa likizo. Unakumbuka upenu wa baba ulivyoshuka, majani yanakaribia kugusa mabega. Baba alikuwa anacheka: hata Mubelgiji wa kodi akija kwangu anainama kwanza. Basi Musafiri, kwa sababu njo murefu, amewapita wajomba wote, aligonga paji la uso kwa ule muti wa upenu. Akagonga tena. Mara ya tatu akakasirika. "Mama, mimi injenieri, naingia kwa mama yangu kama mwizi wa kuku? Tutoe haya majani. Mama mudogo akuje akute bati." Nilisikia utamu, Hawa. Nani hapa kwetu ana mutoto wa kusema hivyo? Watoto wa wenzangu wakirudi likizo wanaomba pesa ya bia.

Lakini bati mupya hapa Kindu unaisikia kwa redio tu. Simenti nayo ikishuka kwa treni inamalizikia pale pale, mikononi mwa wakubwa. Ikabidi tutafute vya zamani.

Unakumbuka kule ng'ambo, Alunguli, mashini ya mupunga ya yule Mugiriki, tulipokuwa tunajitwika magunia tukiwa wasichana? Mugiriki aliondoka wakati mali ya wageni ilipogawanywa. Muntu aliyepewa hakujua mupunga unakobolewa namna gani, alijua kuuza tu. Aliuza mizani, akauza mikanda, akauza motere, na mwishowe akaanza kuuza nyumba yenyewe, leo dirisha, kesho paa. Watu waliingia mule kama siafu, na mimi binti Masudi nilikuwa mbele yao. Nikapata mabati. Nikapata beseni la kuogea, jeupe, kubwa kama mutumbwi, lenye miguu ya simba, nikasema hili njo la Hawa, aoge kama mke wa Mugiriki. Na nikapata mulango wa biro yake, pale alipokuwa anakaa kuhesabu pesa.

Mulango huo, ndugu yangu! Mbao nzito ya zamani, kitasa cha shaba, na juu yake kibao chenye maneno ya Kifaransa. Musafiri alinisomea: gonga kabla ya kuingia. Nikasema ndiyo, kwa nyumba yangu watagonga.

Mabati tuliyavusha kwa mutumbwi pamoja na Kakule, jirani yetu, yule Munande wa Butembo mwenye duka la chumvi na sabuni. Katikati ya Lualaba upepo ukaingia chini ya bati la juu, likasimama kama sikio la tembo. Kakule akapiga kelele: "Lalia, Mama Musafiri! Lalia bati!" Nikalilalia kwa tumbo mpaka ng'ambo hii. Watu kivukoni wakauliza, huyu maiti wa nani? Nikainua kichwa: "Maiti ni nyinyi mnaolala chini ya majani!" Neno hilo, Hawa, limenirudia.

Fundi wetu alikuwa Sumaili, wa nyumba ya mwalimu wa musikiti, muntu wa maneno mengi. Akaangusha majani, akakata ule upenu wote. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu kwenye ncha, akazikata pia. Yakabaki mafupi, yakafika kwa ukuta na kuishia pale pale, kama kofia ya askari. Mimi nikaona ni vizuri zaidi, nyumba inaonyesha uso. Mulango wa Mugiriki tukaushikiza kwa nguzo mbili za matofali ya kuchoma, na ile simenti kidogo tuliyoipata iliishia hapo, kwa sababu ukuta wa udongo usingeubeba uzito wake. Musafiri akapiga picha, akarudi kwa kazi yake. Sumaili akajipiga kifua: "Mama, bati haliogopi mvua!"

Tukasoma dua ya nyumba. Matundu ya misumari ya zamani Sumaili alikuwa ameyaziba kwa lami ya barabara. Jua likapanda, bati likapata moto, na tone jeusi tii likashuka kwenye kanzu ya mwalimu, kati ya amina na amina. Mwalimu akajitazama kifua, akasema, kumbe nyumba hii imeshatia sahihi. Tulicheka mpaka sahani zikatikisika. Njo mara yangu ya mwisho kucheka mule ndani.

Kisha mvua.

Ukuta wa baba ulikuwa udongo, na wewe unaujua, maana tuliukanyaga kwa miguu yetu, mama akiimba na baba akimwaga maji. Miaka yote ile haukuwahi kuonja mvua. Ule upenu wa kuinamisha watu njo uliokuwa unaufunika, na sisi tuliona ni maringo ya baba tu. Sasa maji ya bati yote yakawa yanashuka kwa nguvu miguuni pa ukuta. Chokaa ikatoka kwanza, vipande vipande. Halafu ukuta ukaanza kuisha kwa chini, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Niliweka mawe. Niliegemeza miti. Nilitandika mikeka, hata ule wa kuswalia, Mungu anisamehe. Kila asubuhi nilikuwa nazoa tope la nyumba yetu na kulirudisha kwa mikono mahali pake, nasema leo jua litawaka. Halikuwaka.

Siku ya Ijumaa, wanaume wako musikitini, ukuta wa chumba chako ukalala. Haukupiga kelele. Ulilala kama muntu aliyesimama sana akingoja apewe ruhusa. Paa likainama upande huo, likauvuta ukuta wa chumba cha baba, na wa sebule ukafuata. Mimi nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulibaki juu mikononi mwangu, sikujua pa kuushusha.

Watu wakaja kusema pole. Ee Hawa, pole za mwaka huu! Kila aliyeingia na pole alitoka na kitu kwapani. Huyu ubao, yule misumari ndani ya kofia. Bati moja nimeliona kwa macho yangu linafunika choo cha muntu niliyemupa chumvi miaka yote. Nikataka kupiga kelele. Halafu nikamukumbuka Mugiriki, na mimi nilivyokuwa mbele ya wengine, nikawapisha njia.

Sumaili nilimukamata sokoni. Nikamwambia, wewe si ulisema bati haliogopi mvua? Akajibu bila haya: "Mama, mimi niliapia bati. Ukuta sikuutaja." Na ni kweli, bati halikuogopa kitu. Lilianguka zima.

Kilichobaki ni mulango. Umesimama peke yake na nguzo zake mbili, katikati ya kiwanja, umefungwa kwa kitasa. Nyuma yake beseni lako limejaa maji ya mvua na vyura. Wapita njia wamepata mchezo. Wanasimama mbele ya mulango, wanagonga, wanaita: "Hodi hodi, Mama Injenieri! Tumekuja kukuta bati!" Na mimi, shingo ngumu, nilikuwa naenda kufungua kweli, nawaambia karibuni. Mumoja akazunguka pembeni aingie pasipo na ukuta, nikamufukuza na ufagio: pita mulangoni, huna adabu! Wakacheka mpaka wakakaa chini. Baadaye nguvu za kufagia watu zikaniisha. Sasa wakigonga siinuki.

Ninalala kwenye stoo ya Kakule, kati ya mifuko ya chumvi. Mke wake, kwa karatasi za serikali anaitwa Kavira, lakini nyumbani ni Sabine tu, ni Mukristo na ana moyo. Juzi nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye kifusi, sijala tangu jana yake. Nikasikia kugongwa, kidogo kidogo. Nikajua ni wale wale. Ikagongwa tena, na sauti ikasema, "Hodi, mama." Kutazama, ni Sabine, ana sahani ya wali imefunikwa kitambaa, amesimama mbele ya mulango, hazunguki pembeni, anangoja. Nikaenda, nikafungua. Akavua viatu, Hawa. Akavua viatu akaingia pale kwenye tope. Tangu nyumba ianguke sikuwa nimelia. Siku hiyo nililia mpaka wali ukapoa.

Musafiri nilimupata kwa fonia, ile redio ya kuitana ya gari la moshi. Sauti yake inakuja na kwenda kama muntu aliye kisimani. Akasema: "Mama, tuuze kiwanja, uje ukae kwangu." Muntu wa kununua iko tayari, anataka kuweka depo ya bia. Depo ya bia, mahali mama alipotufundisha Alhamdu! Usimulaumu mutoto. Yeye alisomea madaraja, na daraja halina ukuta wa udongo. Anaona haya, njo maana anasema haraka haraka. Nikamwambia: kiwanja ni cha watu wawili, mimi nina nusu, na nusu yangu haina kinywa mpaka mama yako mudogo aseme.

Kwa hiyo nakuuliza, ndugu yangu, na sijui unijibu nini. Kukwambia njoo, uje ulale wapi? Kukwambia usije, utabaki wapi, na ndugu za marehemu wamekutoa? Usiku naigeuza hivi, naigeuza vile. Kujenga tena sina mikono, na kile kizazi cha kukanyaga udongo huku ukiimba kimebaki wewe na mimi, na magoti yako ndiyo hayo.

Barua hii anaileta Kakule mwenyewe. Anapanda treni mpaka Kalemie kutafuta samaki, halafu atavuka ziwa. Ndani ya kitambaa nilichomufungia utakuta ufunguo. Njo wa mulango ule. Nimeufunga nao, hakuna atakayeupita mpaka nipate jibu lako. Kama hutakuja, mupe Kakule aurudishe, usiandike kitu. Nikiuona mukononi mwake nitajua, na muntu wa bia atapata jibu. Kama utakuja, ukae nao.

Nisalimie Halima na mutoto wake, nisalimie Abedi, mwambie injenieri mukubwa wa Lubumbashi njo kaka yake, asione haya kulitaja jina hilo mbele ya walimu. Mwana Jamila, jirani yako wa kisimani, mupe salamu zangu kama bado anaona. Sabine anakusalimia bila kukujua.

Mungu akufunike, Hawa, kwa paa lisilotobolewa na misumari ya muntu, wewe na waliotoka tumboni mwako.

Wako akupendaye kwa jua na kwa mvua,
dada yako,
Mwanahamisi binti Masudi,
Mama wa Injenieri Musafiri.

N.B. Ukifika usisome kile kibao, wala usigonge. Tia ufunguo ufungue. Mwenye nyumba hapigi hodi.