Mahali pa mtungi

Nakuru, Alhamisi, 1957

Bila kikao chetu ningekuwa nimesharudi kunywa, najua. Lakini leo kikao chenyewe kimenitisha.

Tulikaa duara kwa Wafula, sisi watu wa reli tulioacha pombe ya busaa. Mkewe akaleta birika la chai, akasita.

"Mbona hapa katikati mmepaacha wazi?"

Tukapatazama. Ndipo nikaona tumekaa vile vile tulivyokuwa tukiuzunguka mtungi wa busaa, kila mtu akiivuta kwa mrija wake. Hata nafasi ya Barasa, ambaye pombe ilimuua, hakuna aliyeikalia.

"Weka tu hapo, Mama Nekesa," Wafula akasema polepole.

Akaliweka. Sote tukainama mbele kwa pamoja, na mkono wangu ukawa unatafuta mrija.