Mshindo Uliovunja Posa Yangu

Jumamosi jioni, Buhinyuza, Burundi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa yamebaki manyunyu. Nimetoka Gitega muda si mrefu, viatu vimejaa tope, na sijavua hata koti.

Anicet hanioi tena.

Nianze na siku ya posa, Jumamosi mbili zilizopita, hapa hapa nyumbani. Wazee wake walikuja kutoka Giheta, suti zimenyooshwa. Mimi nilikuwa nimevaa imvutano yangu mpya, vazi letu la sherehe, nimekaa kando ya Anicet, na mdogo wangu Neema yuko kwenye mkeka nyuma yetu. Baba alikuwa katikati ya hotuba, anamsifia binti yake mwalimu wa fizikia, na pombe ya ndizi imeshaanza kuzunguka. Mara mbingu, bila wingu hata moja, ikapiga: pa-paa! Mabati yakatetemeka.

Sisi tulioishi kambi ya wakimbizi Tanzania tulikimbia. Wote. Baba aliacha hotuba, shangazi zangu wakaruka viti, tukateremka bondeni upande wa mpaka kana kwamba tulikuwa tumepanga. Wageni walibaki wamekaa na vinywaji mkononi. Wao vita iliwakuta kwao na hawakuvuka kwenda popote, kwa hiyo wamezoea kusikiliza kwanza. Tulirudi mmoja mmoja, tope hadi magotini, tukicheka kwa aibu. Baba akamalizia hotuba yake. Anicet hakuniangalia tena siku ile.

Na mimi ndiye mwalimu!

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi jambo hilo hilo. Ndege ikiruka inasukuma hewa, na ile misukumo husambaa pande zote kama sauti. Ndege ikienda taratibu, sauti inaitangulia, unaisikia ikija. Lakini ikienda kasi kuliko sauti yenyewe, zaidi ya kilomita elfu moja kwa saa, misukumo haipati nafasi ya kutoka mbele yake. Inarundikana, kama malori pale mpakani Kobero kizuizi kikifungwa, mpaka inakuwa ukuta mmoja wa hewa iliyobanwa. Ukuta huo ukikupitia masikioni, ndio huo mshindo. Mara nyingi ni miwili inayofuatana, mmoja wa pua ya ndege na mwingine wa mkia. Kwa sisi, hiyo ni bunduki mbili.

Watu hudhani mshindo hutokea mara moja tu, pale ndege inapoipita sauti. Sivyo. Ndege inauburuta njia nzima, kila kilima kinausikia kwa zamu yake, na kila mtu anaapa umepasukia juu ya nyumba yake. Rubani mwenyewe hausikii. Sijui ile ilikuwa ndege ya nani. Huenda hata haikuwa ndege, maana jiwe likiingia kutoka angani kwa kasi hufanya vivyo hivyo. Haikuwa vita, basi.

Tangu siku ile Anicet hakupokea simu zangu. Leo alfajiri nikapanda basi hadi Gitega, kwenye karakana yake ya useremala, na maelezo yote haya kichwani kama ninakwenda kufanya mtihani. Nilimchorea hata ndege kwa penseli yake, kwenye kipande cha ubao. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza hata swali kuhusu rubani. Nikadhani yameisha.

Kisha akasema, bila hasira, "Ça va, mi nimeelewa mambo ya ndege. Lakini ile siku ulikamata mukono ya Neema. Ya kwangu ilikuwa karibu."

Ni kweli. Mkono wake ulikuwa unagusa wangu. Nilimruka nikamfuata Neema, mwanamke mzima aliyenizidi hata urefu. Tulipokimbia mara ya kwanza nilikuwa mtoto, na Mama aliniambia nikisikia mlio nimshike mdogo wangu, nikimbie, nisigeuke nyuma. Mama tulimzika kambini. Hakupata nafasi ya kuniambia sasa basi, inatosha.

Na yaliyompata Anicet utotoni niliyajua, aliwahi kunisimulia. Risasi ziliposikika kwao, mama yake alimbeba mgongoni mdogo wa Anicet akaingia migombani, Anicet akabaki uani peke yake mpaka jioni. Hana chuki na mama yake. Ila leo aliniambia hawezi kuishi na mtu ambaye siku moja atamwacha uani vile vile.

"Ikilia tena," akauliza, "utakamata nani?"

Jibu lilikuwa jepesi: wewe. Wanawake wengi wangelisema tu. Nilifungua mdomo, halikutoka. Anicet akachukua randa yake akaendelea na ubao.

Ingekuwa rahisi kama angenicheka, ningemchukia. Nampenda. Nampenda hata sasa ninapoandika. Tumerudi, tumejenga, tumevuna mahindi misimu kadhaa, na bado miguu yangu haijaambiwa kwamba kuna amani.

Kesho nitamwambia Baba kuwa wazee wa Giheta hawarudi.

Neema ananiita nikale. Hajui chochote. Anadhani nimerudi na habari njema, ameniwekea kipande kikubwa cha samaki.

Nitamtazamaje?