Apdeti Iliyokwama na Shamba la Biira

Jumanne, 5 Machi 2019

Picha za pasipoti tangu asubuhi. Madereva wawili wa malori ya Butembo, mwanafunzi mmoja, na bibi mmoja aliyekataa kuvua kilemba. Nikamwambia serikali inataka kuona masikio. Akasema serikali imeyaona masikio yake miaka yote na haijampa kitu. Nikampiga picha hivyo hivyo na kilemba chake.

Biira alikuja jana. Biira wa Munkunyu, yule niliyerekodi sherehe yake ya utambulisho kabla ya ndoa, mwaka juzi. Siku ile baba yake alisimama mbele ya wageni akasema shamba la pamba la chini, lile la karibu na mto, ni la binti yake, aolewe au arudi. Kamera niliishika mwenyewe. Ndoa ikavunjika, Biira akarudi, akalima. Mzee akafariki mwezi wa kumi na mbili. Sasa kaka mkubwa, Baluku, anataka kuliuza shamba, na anasema baba yao hakuwahi kutamka neno kama hilo. Jumapili kuna kikao cha ukoo. Waliosikia siku ile walijaza turubai mbili. Ajabu, wote wamesahau.

DVD niliyompa Biira, Baluku aliiazima. Ikarudi imevunjika katikati. Eti watoto. Kopi iliyobaki imo kwenye kompyuta yangu tu. Nimemwambia aje Jumamosi aichukue.

Leo pia nimeanzisha apdeti. Ile kampuni ya Kampala iliyoniuzia kompyuta imenisumbua kwa ujumbe wiki nzima: mfumo wako umezeeka, badilisha sasa, tutakusaidia bure. Haya. Imefika asilimia arobaini. Kioo kinaniambia nisizime.

Baadaye. Umeme umekatika. Betri ya akiba imelia kama kifaranga, kisha ikanyamaza. Kompyuta nayo ikanyamaza.

Jumatano, 6 Machi

Umeme umerudi. Kompyuta haijarudi. Inawaka, kile kiduara kinazunguka, inaandika kwamba inarejesha mfumo wa zamani, inajizima, inawaka tena. Asubuhi nzima. Natamani kuipiga teke.

Nimepiga simu Kampala. Muziki, muziki, muziki. Hatimaye akapokea kijana mmoja, jina lake Brian. Alianza kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili. Akacheka, eti huku Uganda Kiswahili ni cha maafande wa jeshi na polisi. Nikamwambia basi leo umempata afande wako.

Bonyeza hiki. Shikilia kile. Zima. Washa. Subiri. Nimepiga magoti chini ya meza, simu nimeibana begani, vumbi linaniingia puani, na wateja mlangoni wanauliza kama picha zao ziko tayari. Mwisho akasema njia imebaki moja: kusafisha diski yote na kuweka mfumo upya.

"Na video zangu?"

"Madam, hizo sahau."

Nimesema hapana. Akasema kosa ni la umeme wetu wa Bwera. Umeme si wangu. Apdeti ni yao. Nikamkatia simu.

Nina hofu. Sijamwambia Biira.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipeleka Kasese mjini asubuhi, nimeipakata njia nzima. Fundi wa pale hakutoa hata mkono mfukoni. Aliitazama ikijizima na kujiwasha, akasema: safisha. Inaonekana siku hizi ufundi wote ni neno hilo moja. Nikaibeba nikarudi nayo.

Nimempigia Brian tena. Safari hii alitaka kibali changu. Simu inarekodiwa, niseme ndiyo tu, waanze kunielekeza jinsi ya kufuta. Nikasema hapana. Akanieleza upya, polepole, kama vile sikuelewa mara ya kwanza. Nilielewa. Hapana. Akasema bila ndiyo yangu hawana la kufanya, watafunga malalamiko yangu. Nikamwambia fungeni, nami nitapiga tena kesho niyafungue. Kisha nikamweleza kilichomo ndani. Nikamuuliza: sauti ya baba yako ingekuwa humo, ungesema ndiyo?

Akashusha sauti, na Kiswahili chake kikawa kizuri kuliko alivyojifanya jana.

"Diski haijafa. Mfumo ndio umekufa. Ukiitoa na kuiunganisha na kompyuta nyingine, video zitasomeka. Lakini ukifungua sanduku waranti imekwisha. Na mimi sijasema kitu."

Iishe. Waranti gani hii inayonilinda kwa kunifutia kazi zangu?

Jioni kaja Baluku. Viatu vinang'aa, shati limepigwa pasi. Bwera haifichi kitu, alishasikia. Kaniuliza hali, kamuulizia binti yangu Hamida shuleni, kisha kakaa bila kukaribishwa.

"Pole, Mama Hamida. Mashine kama imekufa, imekufa. Hii ni mambo ya Mungu, usisumbuke nayo."

Halafu akataja kwamba ukoo wao una harusi tatu mwaka huu na wanatafuta mtu wa kamera. Alisema akitazama ukutani. Nikamwambia mlango uko nyuma yake.

Baada ya yeye kutoka nikabamiza mlango na kufunga kufuli. Si woga. Ni hasira. Ananipa pole ya msiba anaoutaka yeye.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Ofisi ya Kampala imefungwa kwa heshima yangu. Nje kina mama wamepita na magauni yao ya gomesi na tarumbeta. Mimi nimejifungia ndani na bisibisi ya cherehani.

Kuna karatasi imebandikwa nyuma ya sanduku: usifungue. Nimeipasua vizuri sana.

Diski ni ndogo kuliko nilivyodhani. Harusi zote za miaka minne zinaenea kiganjani. Nimeifunga kwenye leso, nikavuka daraja kwenda Kasindi, upande wa Kongo. Nawa mikono, simama, upimwe joto, yote kwa ajili ya Ebola. Askari akauliza nimebeba nini. Nikasema harusi za watu. Akapunga mkono nipite.

Kasereka anatengeneza simu na kompyuta ng'ambo pale, tunajuana tangu alipokuwa anauza kaseti. Akatafuta waya, akaunganisha diski na kompyuta yake, tukangoja. Folda zikatokea, moja moja. Nilipiga ukelele hadi mwenye duka la jirani akaja kuchungulia. Kompyuta yake ni ya polepole na sola ilikuwa inaishiwa. Nikamwambia chukua ya Biira kwanza, haraka. Akaiona, akainakili kwenye flashi yangu, na hapo hapo kila kitu kikazima. Haidhuru. Ninayo.

Nimerudi daraja lote nikitembea kama mwenye mji.

Jumamosi, 9 Machi

Si yeye.

Nimechomeka flashi kwenye tivii asubuhi. Harusi ya kanisani, keki ya ghorofa, bwana harusi mwenye miwani myeusi. Ni Biira wa Nyakiyumbu.

Mjinga ni mimi mwenyewe. Huku kwetu kila binti wa pili kuzaliwa kwa Mkonzo huitwa Biira. Ukisimama sokoni ukaita Biira, nusu ya wauza nyanya watageuka. Nimeishi nao tangu kuzaliwa, na bado folda zangu nimeziita Biira, Biira 2, Biira mpya, na moja, Mungu anisamehe, Biira yule. Kasereka alichukua ya kwanza aliyoiona. Angejuaje?

Nimechukua diski, nimekimbia Kasindi. Duka limefungwa. Nilisahau kwamba Kasereka ni Msabato. Nikamkuta kanisani, amevaa suti ya kijivu, nikamwita kwa mkono kutoka langoni.

"Mama Hamida, leo iko Sabato. Kazi hapana. Kuya jua ikishashuka."

Jua likishuka, mpaka wa Kongo unafungwa. Na kesho asubuhi kikao. Nimemweleza yote pale pale langoni: mzee, shamba, DVD iliyovunjwa, Baluku na harusi zake tatu. Nilikuwa karibu kulia na sikutaka alione hilo. Kisha akanitangulia hadi dukani, akafungua kufuli, akatoa kiti nje.

"Sabato iko yangu, haiko yako. Mi nitakaa huku inje."

Akaketi, akanipa mgongo, Biblia mapajani, akaanza kuimba. Nikaingia peke yangu. Jana nilimtazama akifanya, lakini kutazama si kufanya. Nilipouliza waya unaingia wapi, aliongeza sauti ya wimbo. Nilipouliza kwa nini diski haionekani, akahamia ubeti mwingine. Nikachomoa, nikachomeka kwingine. Nikajaribu tena. Jasho lilinitoka. Nikamsema Brian, nikamsema aliyebuni apdeti, nikajisema mimi na majina yangu ya folda. Kisha zikatokea.

Ilikuwa kwenye Biira yule.

Nikaitazama pale pale mpaka mzee aliponyoosha mkono kuelekea mtoni akasema maneno yake. Nikainakili kwenye flashi mbili. Kasereka alikataa malipo, hata soda alikataa. Siku yenyewe hairuhusu. Akafunga kufuli, akarudi kanisani kwake.

Biira alikuwa ananingoja kwenye ngazi ya studio tangu adhuhuri. Nikamwambia yote, kuanzia umeme wa Jumanne. Akashika kichwa. Nikamwambia kichwa ashike kesho kama tukishindwa, leo atafute gari la kubebea tivii na jenereta.

Jumapili, 10 Machi

Munkunyu. Kikao kilikuwa uani kwa marehemu. Baluku alisimama kabla hatujashusha jenereta.

"Huyu si wa ukoo. Hata kanisani hatumuoni. Anakuja hapa kama nani?"

Nikamjibu mbele ya wazee wote. Nimekuja kama mtu aliyeshika kamera. Nilikuwepo, na wewe ulikuwepo, umo kwenye picha, umeshika soda ya machungwa. Baadhi wakacheka. Mwenyekiti wa ukoo akasema nifunge waya.

Mzee akatokea kwenye tivii, na koti lake kubwa na kofia yake. Akaongea Lhukonzo chake cha taratibu: shamba la chini ni la Biira, aolewe au arudi, na atakayemsumbua amkumbuke yeye. Kisha mbuzi mmoja wa mahari akajinyofoa akaparamia meza ya vinywaji, na mzee akacheka mpaka akashikilia nguzo ya turubai. Kina mama wakaanza kulia.

Baluku akasema siku hizi mashine zinaweza kusemeshwa chochote. Nilifungua mdomo. Shangazi yao akanitangulia, yule yule ambaye miezi mitatu mizima alikuwa hakumbuki chochote. Alisimama, akaisogelea tivii, akagusa kioo kwa kidole.

"Huyu nyuma yake ni mimi. Nilisikia siku ile. Na leo nimesikia tena."

Baada yake akakumbuka mwingine. Kisha mwingine. Kumbukumbu zilirudi kwa kasi ya ajabu.

Shamba ni la Biira. Wametamka na wameandika. Biira hakulia. Aliuliza nani atakuja kumsaidia kupalilia. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia mpaka tulipofika barabarani. Hapo nilivipiga.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wateja wachache.

Brian amepiga simu. Amesoma maneno yake rasmi: nimefungua sanduku, waranti imefutwa. Nikasema ndiyo. Ndiyo ya kwanza aliyoipata kwangu. Kisha akauliza kama sauti ya yule mzee ilipatikana. Nikamwambia ilipatikana. Akasema vizuri, akakata.

Karibu na kufunga amekuja Baluku. Alisimama nje kwenye mvua mpaka mteja wangu wa mwisho akatoka. Akaingia, akaketi kwenye kile kiti cha wapigwa picha, bila kuniuliza hali. Akasema pale mbuzi anapokimbia, pale mzee anapocheka. Naweza kukata hapo tu nimtilie kwenye simu? Hana picha hata moja ya baba yake akicheka.

Nilikuwa na neno tayari ulimini. Nililiandaa tangu Alhamisi na lilikuwa zuri. Nikalimeza.

Nikamwambia sikati. Ni yote au hapana.

Akanipa simu.

Kunakili kulichukua muda, mvua ikipiga bati. Nilipomrudishia hakuondoka. Aliiwasha pale pale kutoka mwanzo, simu sikioni. Baba yake akafika kwenye maneno ya shamba, na Baluku hakuyaruka. Akasikiliza hadi kwenye kicheko, kisha akaanza upya.

Nikachukua ufagio nikaanza kufagia upande wa pili.