Papa, Nimeonja Rumu Mahali Pako

Papa,

Riziki, mjukuu wako, binti yangu, ameposwa. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana huko uliko najua nyanya hakosi habari.

Mchumba anatoka Walikale. Njia ilifungwa siku mbili, akafika hapa Bihambwe na jamaa zake, matope mpaka magotini, na badala ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alileta rumu aliyoinunua Goma: pombe kali ya miwa, iliyotiwa viungo, ya bei ambayo hata mwalimu anaiweza. Etiketi ya chupa ilisema kwamba mwishoni waliilaza katika pipa la mti lililokuwa na divai. Papa mudogo, ndugu yako, aliisoma mara mbili, akaiweka chupa chini. "Bei kidogo, tena haiko kasiksi. Huyu anatuzarau."

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Hakuna anayekunywa kabla mwonjaji wa nyumba hajasema, na akifunika kikombe, wageni wanarudi kwao na posa imekufa. Miaka yote mwonjaji ulikuwa wewe. Safari hii watu wote walitazama kiti chako. Nilisikia vibaya sana, Papa. Ndugu yako akanyoosha mkono, na nilijua angefunika kikombe hata bila kuonja, kwa hiyo nikamtangulia. Nikamwambia, "Mimi njo nilikuwa namushikia Papa kikombe. Nitaonja."

Basi nikakosea kama mtoto. Nilipiga funda kubwa, kama tunavyokunywa kasiksi. Moto! Nilikohoa mpaka machozi yakatoka, watu wa Walikale wakacheka, na mchumba mwenyewe akaficha uso. Hata wewe ungecheka.

Nikaanza upya, kwa namna yako. Tone moja kiganjani, nikasugua, nikanusa: mdalasini, karafuu, ganda la chungwa. Kisha kidogo ulimini. Sukari, Papa! Sukari tupu, kama peremende. Riziki alikuwa akitazama mikono yangu, si uso. Nilitamani kusema ni nzuri nimalize, lakini ulinifundisha kwamba mwonjaji hasemi uongo hata kwa ajili ya mtoto wake. Mkono wangu ulikuwa umeanza kwenda kukifunika kikombe.

Hapo nikakumbuka ulivyokuwa ukimeza kisha unanyamaza, wageni wanatoka jasho, na ukiulizwa unajibu, "Mungoje. Mwisho wake haiyafika." Nikangoja. Moto ukashuka, sukari ikaondoka, na nyuma kabisa ikaja ladha ya mti, kavu, yenye uchungu kidogo. Niliifahamu. Ni ladha ya mtumbwi wako wa kukamulia ndizi, ambamo ulikuwa unailaza kasiksi siku yake ya mwisho ili, ulivyosema, "ijue muti." Hao watu wa mapipa wanafanya kazi yako na hawakujui.

Nililia mbele ya wageni, sikujali. Nikasema ukweli: "Sukari iko mingi. Lakini mwisho wake iko muzuri. Tutakunywa." Riziki akakaa chini kama mtu aliyetua mzigo. Papa mudogo naye akaonja, akangoja, kisha akanyoosha kikombe aongezewe. Hilo nakuachia ucheke mwenyewe.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Mtumbwi wako ulikuwa umeegemezwa jikoni, karibu na kuni. Tangu ulipotuacha hakuna aliyeugusa, ukakauka, ukapata nyufa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali upasuliwe tupikie wageni wa arusi. Unisamehe. Wageni walipoondoka tu niliutoa nje nikaujaza maji ili nyufa zifunge. Upande mmoja bado unavuja, nauongezea kila asubuhi. Ndizi tayari ziko shimoni, zimefunikwa majani, zinaiva.

Nakuacha ulale, Papa, usihangaike na sisi. Kasiksi ya arusi nitaitengeneza mimi, itapita katika mtumbwi wako, na kikombe cha kwanza nitakionja mbele ya watu wote, bila haraka. Ikiwa mbaya, nitakifunika.

Mwanao,
Furaha