Maji ya Shangazi, ao Matusi Yake?

Neema mujukuu wangu,

Siye huku Bunia tuko wazima. Nyanya yako anakusalimia. Anasema meno yangu ya kula mahindi yameisha, ya kusema uongo yanabaki.

Unauliza kama ile motokari ya zamani unayotaka kununua kule Kisangani iko na motere ya kuaminia. Nilikuwaka na ya namna ile: silindri ine, haifike hata litre moja, inakunywa mafuta ya esanse kidogo sawa katekista anakunywa pombe mbele ya padri.

Siku ya kwenda kuposa nyanya yako kule Nizi, tulipanda watu watano na mbuzi. Wazee wake walisema jua ikipita kichwa, hawatungojee tena. Mwalimu mumoja naye alimutaka. Katikati ya mulima motere ikazimika. Nikafungua karbiratere, nikaipuliza, wapi!

Shangazi yangu akashuka. "Toka hapo, fundi wa kinywa!" Akalowesha kikwembe chake cha kiunoni mu muto wa karibu, akakifunga juu ya pompe ya esanse iliyokuwa inachoma sana, huku anaitukana ile motokari mpaka mbuzi ikanyamaza. "Washa." Ikawaka. Tulifika wazee wanasimama kwenda zao. Wakakaa tena.

Inunue, Neema. Siku itazimika juu ya joto, weka maji tu juu ya pompe, ufunge kinywa, halafu uniandikie kama imewaka, maana mpaka leo sijue iliponywa na nini. Nyanya yako anasema ni maji. Lakini yeye hakusikia yale matusi.

Babu yako, fundi wa kinywa