Dudumizi Aliyeitika Kwenye Matete

Wachira rafiki yangu,

Usicheke kwanza. Najua utasema, "Ati Chiriku anaandika? Basi dunia imeisha." Mimi nilifika darasa la sita, wewe ukaachia la tano, kwa hivyo kati yetu msomi ni mimi. Lakini leo lazima niandike, hata kwa baridi hii ya Nyeri.

Jumamosi tulirudi kwenye kinamasi kile. Tangu tukuzike hakuna aliyekitaja. Darubini yako imetundikwa msumarini kwa mama yako, hataki mtu aiguse. Lakini mwezi wa kumi umefika, na wale bata wa Ulaya wameshuka, wale uliokuwa ukisema ndio walowezi pekee tuliowaruhusu warudi baada ya Uhuru. Mwalimu Nyambura akasema kikundi chetu cha watazama ndege kisipoenda kuwatazama mwaka huu, hakitaenda tena, kitakuwa kimezikwa pamoja nawe. Wote wakanigeukia mimi. Si unajua mdomo wangu? Nilikuwa nimejigamba hotelini, chai mkononi, kwamba kinamasi kile nakijua kama jikoni kwa mama. Sasa ningesema nini?

Nikachukua fimbo yako ndefu ya kupimia matope, nikatangulia. Kifua mbele. Kila fimbo ilipozama kidogo nilijiuliza: ndivyo ilivyoanza kwako? Asubuhi ile matope yalipokumeza ulikuwa umeenda peke yako. Hakukuwa na mtu wa kukuita jina.

Bata tuliwaona, wamejaa tele. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau kuninyamazisha. Kisha ukungu ukashuka kutoka mlimani, mara moja, sikuona hata kofia ya Githinji nyuma yangu.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Kwetu watu hawahesabiwi, ni kama kuwaitia kifo, ndiyo maana ulitupa kila mmoja jina la ndege, unaita, mtu anaitika kwa mlio wa ndege wake. Nikaita kwa sauti ya mwanaume.

"Yangeyange!" Mzee Hamisi, fundi wetu wa nguo, kanzu yake nyeupe ameikunja hadi magotini, akaitika. "Korongo!" Mwalimu na shingo yake ndefu akaitika. "Bata!" Githinji wa benki, mwendo wake unaujua, akaitika. Ilitosha. Lakini zamani ukimaliza kutuita sisi, mimi ndiye niliyekuwa nakuita wewe kwa jina lako la ndege, wa mwisho. Ulimi umezoea, Wachira. Ukaendelea wenyewe:

"Dudumizi!"

Halafu matete yakajibu, mbele yetu hapo hapo. Du-du-du-du-du... kama maji yanayomwagika kutoka chupani. Kama kicheko chako.

Kucha za Mwalimu ziliingia mkononi mwangu, alama ziko mpaka leo. Mzee Hamisi akaanza, "Inna lillahi..." hakumaliza. Githinji akasema, "Ni ndege tu huyo," kwa sauti ya mtoto anayetaka kulia.

"Basi nenda ukamwone," nikamwambia. Hakuna aliyecheka, hata mimi mwenyewe.

Nikadunga fimbo mbele yangu. Ikaingia yote, mpaka vidole vyangu vikagusa maji. Nikainua macho, na pale kwenye kichaka nikaiona ile kamba. Kipande cha kamba tuliyokutolea matopeni, bado kimefungwa. Nilikuwa nawapeleka pale pale, Wachira. Mimi, mwenye kujua kama jikoni kwa mama.

Nikawarudisha nyuma polepole, kila mtu ameshika koti la mwenzake. Tulipofika barabarani Mzee Hamisi akanitazama sana. "Kijana, ulijua kuna shimo pale?"

"Nilijua, Mzee," nikadanganya.

Tangu siku hiyo silali. Githinji anaapa ni dudumizi wa kawaida, wako wengi kule. Huenda. Lakini wewe nakujua, ulikuwa hupendi mtu mwingine awe na neno la mwisho. Kitu kimoja kinanisumbua: ulikuwa unanionya, au ulikuwa unaniita? Mama anasema marehemu akikuita usiitike. Sawa, lakini kama mimi ndiye niliyeanza kumwita? Hilo nilimuuliza mama. Alizima taa tu.

Na hawa watu wanataka kwenda tena! Mzee Hamisi ameshanishonea begi la kubebea kamba. Kukataa nimeshindwa.

Basi pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi hakuna mtu wetu atakayeingia kule peke yake. Nitaita majina yote, na lako nitaliita la mwisho kama zamani. Ukitaka kuitika, itika, nami nitawarudisha watu nyuma. Lakini wewe usianze kuniita, Wachira, tafadhali. Kwa sasa mwenye kuita ni mimi.

Chiriku